Juu ya Seleri Inayonyimwa Nuru

Katika mboga zote ambazo mtu aweza kuziotesha nyuma ya nyumba yake, sijui moja imtakayo mkulima subira na uangalizi kama seleri. Asili yake ni mmea mchungu wa mabwawa ya kandokando ya Bahari ya Kati, uliotumiwa na watu wa kale kwa dawa kuliko kwa chakula, hata watunza bustani wa Italia wakauzoeza pole pole mpaka ukatoa vikonyo vinene vya kuliwa. Na kiu ile ya bwawani haijauacha hata leo. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu 1 huchukua zaidi ya 2,000, nazo hazitaki kufukiwa, bali hunyunyizwa juu ya udongo uliolainishwa zikafunikwa kwa chembe za samadi tu, kwani huhitaji nuru ili zichipue, na kuchipua kwenyewe huchukua wiki 2 au 3. Miche hukaa kitaluni miezi 2 au zaidi kabla ya kuhamishiwa tutani, na kwa kuwa mizizi yake ni ya juu juu, ukiacha kuimwagilia siku chache za jua kali vikonyo hukakamaa vikajaa nyuzi. Ndiyo maana hustawi katika nchi za baridi kama Lushoto, na mtu wa Tanga au Mombasa hana budi kuitafutia kivuli na kungoja kipupwe.

Lakini linalonishughulisha ni jambo la mwisho. Wiki 2 au 3 kabla ya kuvuna, mkulima apendaye seleri nyeupe hukusanya vikonyo vyote pamoja, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akavizungushia karatasi nene au akainulia udongo mpaka karibu na majani, majani yenyewe akiyaacha nje yapate jua. Siku ya kuvuna, karatasi ikifunguliwa, utaona kikonyo kimepoteza ukijani wake wote isipokuwa mstari mwembamba penye mifereji ya nje. Kimelowa kwa jasho la ndani, na ukikikunja hukatika kwa mlio mmoja bila kuning'inia uzi. Uchungu umepungua sana.

Nimepata kusikia jambo hili likifanywa mfano matangani, mbele ya mama aliyefiwa na mtoto: kwamba Mola humfunika mja wake gizani kama mkulima afunikavyo seleri, ili ukali wake utoke na utamu wake udhihiri. Waliohudhuria waliitikia kwa vichwa. Mama yule hakunena neno.

Nami, baada ya kulitafakari, naona mfano huo ni batili, na ubatili wake haukai katika adabu tu bali katika itikadi. Seleri haifunikwi kwa faida ya seleri. Kikonyo kilichonyimwa nuru hupungukiwa na rangi na sehemu ya vitamini zake, huwa dhaifu zaidi kuliko kilichoachwa juani, na mwisho wake ni kisu; faida yote humwendea mlaji. Basi anayemfananisha Mwenyezi Mungu na mkulima huyo, ingawa nia yake ni kumtukuza, amemfanya mhitaji anayeonja machozi ya waja, naye Subhana ni Ghani, hahitaji kitu kwa yeyote.

Na akijitetea kwamba Mola, tofauti na mkulima, humfunika mja kwa faida ya mja mwenyewe, huo nao ni mtego ambao maulamaa wa zamani waliujua. Walikuwako Muutazila walioshikilia kwamba hakuna budi Mwenyezi Mungu amtendee kila mja lililo la heri zaidi kwake. Na yasimuliwa kuwa Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 4 ya Hijra, alimwuliza mwalimu wake al-Jubbai habari za ndugu watatu, mmoja amekufa mwema, mmoja amekufa kafiri, na wa tatu amekufa mtoto. Mtoto akilalamika kwamba hakuachwa akue apate daraja ya nduguye, ataambiwa kwamba ilijulikana angeasi. Hapo yule kafiri atapaza sauti kuuliza kwa nini naye hakufishwa utotoni. Mwalimu hakuwa na jawabu, nami sidhani kama yuko aliyelipata tangu siku hiyo.

Sisemi kwamba mitihani haina hekima. Naamini inayo, tena kwa moyo wote. Ila kuamini kuwa hekima ipo na kudai kuijua ni mambo mawili yaliyoachana mbali. Mfiwa mwenyewe, baada ya miaka, akisema kuwa msiba wake ulimlainisha moyo, hiyo ni shahada yake na ni haki yake, wala hapana wa kumpinga. Lakini jirani aliyeshiba, atokaye kwake kuja kumfasiria maiti wake, hana shahada yoyote.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, masheikh kwa mapadri na kila mzee apewaye nafasi ya kusema matangani, wauache mfano huu. Waombe dua, wachote maji, wapike, wawalaze watoto waliobaki, na mfiwa akiuliza kwa nini, wamjibu kwamba hawajui.