Kumngojea wa Nyuma

Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Neno hili lina busara njiani, maana dhaifu akimzuia hodari, wataumia wote wawili. Lakini je, msomaji, mwenye nguvu akisha kupishwa, hana tena deni lo lote kwa yule aliyemwacha nyuma?

Natutazame mfano. Baba, mama, kijana wao wa miaka 16 na binti wa miaka 10 waondoka katikati ya jiji la Nairobi kwa baiskeli, safari ya siku nne, kwenda ziwa la Magadi na kurudi. Waifuata barabara ya Ngong kuelekea magharibi, wapita Dagoretti Corner na Karen, kisha mji wa Ngong na Kiserian. Kutoka hapo wapanda mpaka Corner Baridi, ambapo Bonde la Ufa hufunguka mbele ya macho, na barabara huanza kuteremka. Njia yote hadi Magadi ni kama kilomita 110.

Kijana ni hodari. Kila kilima hufika wa kwanza, akaketi, akanywa maji, akapumzika. Binti huja mwisho, akihema na kusukuma baiskeli yake. Mara tu afikapo, kaka yake hurukia baiskeli na kusema, "Haya, twende!" Kijana aamini kwamba amemngojea dada yake. Lakini ifanye hesabu yake: aliyechoka kidogo amepumzika sana, na aliyechoka sana hakupumzika hata kidogo. Je, huko ndiko kungoja?

Labda utajibu kwa niaba yake: "Nguvu zangu nimezipata kwa mazoezi. Kwa nini mwendo wangu ukatwe na udhaifu wa mwingine?" Hoja hii haifai kudharauliwa. Kama yangalikuwa mashindano, hapana ambaye angalimlaumu kwa kutangulia. Lakini hawa walitoka pamoja, na walikubaliana kuliona ziwa wote wanne. Kijana akifika Magadi peke yake, safari yao bado haijafika.

Tena, kungoja si kutupa nguvu. Kule bondeni upepo ukivuma usoni, apandaye baiskeli karibu nyuma ya mwenzake hutumia nguvu chache, kwa kuwa wa mbele humkatia upepo. Basi kijana akipunguza mwendo na kumweka dada yake nyuma ya gurudumu lake, nguvu zake zitafanya kazi iliyo bora kuliko kutangulia. Na kazi hiyo itahitajiwa zaidi siku za kurudi, maana Magadi ipo kama mita 600 tu juu ya bahari, na Nairobi imepita mita 1,600. Mteremko uliowafurahisha wote hugeuka kuwa mlima.

Nawe, msomaji, huenda hujapanda baiskeli hata mara moja. Lakini darasani yuko aelewaye hesabu kabla ya wenzake, na nyumbani yuko mdogo wako ajifunzaye kusoma. Basi siku utakapofika kilimani wa kwanza, usiondoke mara aonekanapo wa mwisho. Mpe maji. Mwache aketi, pumzi yake imrudie. Kisha yeye ndiye aseme, "Twende."