Haki ya Mtoto Kipofu na Kiziwi Chuoni

Baba wa Chake Chake mwenye mwana kipofu au kiziwi huenda akadhani kuwa huruma ni kumweka nyumbani, asichekwe wala asijikwae njiani. Lakini huruma imnyimayo mtu haki yake ni dhuluma. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Alipokuja kutaka kufunzwa, Mwenyezi Mungu aliteremsha Sura ya Abasa kwa ajili yake. Naye akawa mwadhini wa Mtume (s.a.w.), na akaachiwa Madina.

Wala mzigo huu si wa mwalimu peke yake. Kufundisha elimu ni faradhi ya kifaya: wakiisimamisha baadhi, hutosha; wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Basi mwalimu na amsomeshe kipofu kwa kusikia, mwenziwe amshike mkono njiani, baba amdurusishe usiku, na mkuu wa skuli amtafutie maandishi ya nukta. Ama bubu, fiqhi imeikubali ishara yake katika kuuza na kununua. Vipi ikataliwe darasani?

Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitaja haki hii, na Kurani ilitangulia. Kesho baba hataulizwa kwa nini mwanawe haoni. Ataulizwa kwa nini hakumfunza.