Pumzi ya Mtoto wa Bandia

Uzazi ukiwa mgumu, mama wa Yaeda Chini hupandishwa kutoka bondeni hadi Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri inayowahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na jirani zao tangu 1955. Hospitalini hapo wakunga wameishi miaka mingi na mwanasesere aitwaye NeoNatalie.

Akijazwa maji ya uvuguvugu, anakuwa mzito na mlegevu kama mtoto aliyezaliwa bila kulia. Usipomshika shingo, kichwa kinaanguka. Mkufunzi anakaa kando na vipira vya kuminya: kimoja kinadundisha kitovu, kingine kinainua kifua. Mkunga anamkausha mtoto, anamsugua mgongo, anambandika barakoa usoni, anaminya ambu, mfuko wa kusukumia hewa. Barakoa ikikaa upande, hewa inavuja na kifua kinabaki kimelala. Anaisogeza kidogo, anaminya tena, kinapanda. Yote haya yafanyike ndani ya dakika moja, ile wanayoiita dakika ya dhahabu.

Kwangu mimi haya ni maigizo kamili, na mkufunzi ndiye anayeigiza mtoto. Wala si ajabu. Åsmund Laerdal wa Stavanger, Norwei, alikuwa mtengenezaji wa vitabu vya watoto na midoli kabla ya kutoa, mwaka 1960, mwanasesere wa kufundishia watu wazima namna ya kumrudishia mwenzao pumzi. Ni kampuni yake iliyokuja kumtoa NeoNatalie. Tunazoea kuweka sanaa upande wa starehe na tiba upande wa mambo mazito, lakini ufundi wa mtu aliyejua mtoto hupenda kushika nini ndio uliofika chumba cha kujifungulia.

Hata hivyo mwanasesere peke yake hakutosha. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Mbele ya mwanasesere wakafanya vizuri zaidi kuliko awali. Mbele ya mtoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Mwaka uliofuata wakabadili utaratibu: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Nimeyatafakari sana matokeo hayo, kwa sababu nchi yetu inapenda semina: bango, posho, cheti, picha ya pamoja. Mkono haujali cheti. Unakumbuka ulichokirudia jana na juzi, kama mkono wa mpiga ngoma.

Kuna heshima pia ndani ya kurudia huko. Mkunga anayekosea kwa mwanasesere amemwepusha mtoto wa mtu asiwe somo lake la kwanza.

Teknolojia ya kidijiti imekuja kuongeza macho na masikio. Kifaa cha Moyo hufuatilia mapigo ya mtoto angali tumboni, na mwanasesere wa toleo jipya huonyesha kwenye kishikwambi kama hewa imeingia ipasavyo. Vifaa hivi, pamoja na mazoezi ya kila mara, vilipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa 5, Manyara, mkoa wa Haydom, ukiwamo. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Lakini mvua zikijaza bonde la Yaeda, barabara hukatika, na dakika ya dhahabu haimsubiri mama avuke tope. Itampata kwenye zahanati, au kambini kwa Wahadzabe. Kwenye zahanati hiyo muuguzi wa zamu ya usiku mara nyingi yuko peke yake, hana mwenzake wa kumminyia vipira. Kwa hiyo mwanasesere anayeweza kumsahihisha mtu bila mkufunzi anahitajika zaidi huko chini kuliko kwenye hospitali kubwa, na ningependa bajeti ya afya ya wilaya ianzie kwake: mwanasesere, chaji ya sola, na dakika chache za zamu zinazohesabiwa kuwa kazi.