Keria Huchaguliwa kwa Miguu Yake

Mjukuu wangu, picha zote tisa ulizonionyesha jana baada ya Alasiri nimeziona. Uliniuliza keria ipi ya baiskeli inapendeza. Hukuniuliza hata mara moja ipi itabeba. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na mzee akichoka jibu lake huwa kali. Leo nimepumzika. Vuta kigoda, simu iweke mfukoni, nikwambie neno nililomwambia baba yako na ami yako, wakalielewa siku walipokuwa wanaokota mizigo yao barabarani.

Unakaa Kaole, kazi umepata mjini. Ni kilomita 5 hivi, umekataa kumlipa bodaboda asubuhi na jioni, na hapo umenifurahisha. Umesema begi la mgongoni linakufikisha kazini na shati lililolowa jasho, kwa hiyo unataka mabegi mawili ya kuning'inia, moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Vema. Lakini usidhani ni mambo mapya ya vijana wa Ulaya. Sisi watu wa pwani tulikuwa na jina lake kabla baiskeli haijatia mguu hapa: shogi. Ni mfuko mpana wa ukili wa miyaa unaolazwa juu ya mgongo wa punda, matumbo mawili yakining'inia kushoto na kulia. Mwenye punda alijua mambo mawili bila kwenda shule: mzigo ugawanywe sawa, na ukae chini, karibu na mbavu. Akizidisha upande mmoja, shogi lote linapinda na punda anagoma. Baiskeli haina akili ya kugoma. Inakwenda nawe hadi ikuangushe.

Na huu mji uliokupa kazi ulijengwa na watu wa mizigo. Wapagazi walitoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wakafika hapa wakaitua. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hao walikuwa mabingwa wa kubeba, na bado mzigo ulipimwa kabla ya safari, kwa sababu njia ndefu haimstahi mtu. Wewe hujapima hata hotipoti yako.

Sasa tuje kwenye keria yenyewe. Usiitazame usoni. Ipindue utazame miguu.

Katika zile picha tisa, mbili hazina miguu kabisa. Zinabana bomba la siti na kubaki zimenyoosha mkono hewani. Hizo ni za kubebea koti la mvua na kitabu. Nyingi za namna hiyo hazivuki kilo 10, na ukizining'inizia begi pembeni hakuna kitu cha kulizuia lisiingie kwenye spoku. Zifute.

Zilizobaki ni za aluminiamu, zenye miguu inayoshuka pande zote mbili hadi karibu na ekseli. Hizi ni keria za kweli, ila soma maandishi yaliyopigwa juu yake. Mara nyingi utakuta kilo 25. Wewe unaona 25 ni nyingi. Haya, tuhesabu. Jioni mkeo atakupigia simu kwamba maji yamekatika. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Ongeza unga kilo 5. Umemaliza, na kompyuta bado iko mezani ofisini. Na binti wa jirani akikuomba umpakie, ujue mtu mzima si mzigo wa kilo 25, hata akiwa mwembamba namna gani.

Ndiyo maana wachuuzi wetu hawajaiacha keria ya chuma ya zile Phoenix na Avon. Ni nzito, haina urembo, lakini miguu yake inakaa kwenye ekseli yenyewe, na uzito unashuka moja kwa moja kwenye gurudumu. Tena ikipasuka, fundi yeyote wa kuchomelea kando ya barabara anaiunga kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Aluminiamu ikikatika, fundi huyo huyo atakutazama tu. Chuma adui yake ni chumvi ya hewa yetu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila wiki, na pale rangi inapobanduka ipake upya kabla kutu haijaweka kambi. Hata ukichagua aluminiamu, nati zake ni za chuma. Zipake grisi, la sivyo siku ya kuzifungua utazikata kwa msumeno.

Kabla hujatoa hela, chuchumaa nyuma ya baiskeli yako. Tafuta vitundu vya boliti: kimoja kila upande karibu na ekseli, na viwili juu, chini kidogo ya siti. Vikiwepo, keria ya boliti nne itakaa. Visipokuwepo, atatokea fundi wa kukwambia, "Nitoboe fremu, kazi ya dakika tano." Mwambie asante, uondoke. Fremu iliyotobolewa inaanza kupasuka pale pale ilipotobolewa. Tafuta keria ambayo miguu yake inafungwa kwenye ekseli, na juu inashikwa kwa vibano.

Halafu kisigino. Watu wanakisahau. Piga pedali ukiwa umekaa, mwenzako ashike begi mahali litakapokaa. Kisigino kikiligonga, keria hiyo ni fupi kwako, au begi lisogezwe nyuma. Lakini usilisogeze mno. Uzito wote ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. Na ubavuni mwa keria pawe na vyuma vya kushuka, vinavyolizuia begi lisiifikie spoku. Mabegi yenyewe huhitaji kuagiza mbali. Fundi wa maturubai atakushonea shogi la leo: mifuko miwili iliyounganishwa kwa mkanda mpana, kila mmoja umetiwa kipande cha plaiwudi upande wa gurudumu usije ukanepa. Masika yakija, kompyuta yako itakushukuru. Begi lisifunike taa ya nyuma wala kile kioo chekundu, maana magari ya jioni hayakujui.

Ukitaka kuona kwa macho elimu hii ya kugawa mzigo sawa, msimamie muuza madafu wa baiskeli pale Dunda. Mtazame mikono. Mteja wa kwanza anamkatia dafu la kulia, wa pili la kushoto, wa tatu la kulia. Hahesabu kwa mdomo. Ukimchagulia wewe lile la upande usio wa zamu, atakubali, kisha utamwona anahamisha jingine kimya kimya kabla hajashika panga.

Mimi sikuyajua haya kwa kuzaliwa. Nilipoanza kuchuuza samaki nilinunua, kwenye duka ambalo sitalitaja, keria nyembamba ya kung'aa. Muuzaji akaapa itabeba hata ng'ombe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si yeye aliyekuwa anaupeleka Mapinga. Wiki ya tatu nati moja ikapotea. Nikafunga waya, nikasema kesho nitatia nati. Kesho hiyo ilikaa miezi miwili. Siku moja nimeshaipita Zinga, nikasikia mlio mdogo kama kijiti kinavunjwa. Mguu wa keria ukachomoka, tenga likalala, pembe yake ikaingia kwenye spoku. Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ile lilikuwa na spoku 40. Nilikaa mchangani nikahesabu 11 zilizokatika, samaki wangu wametapakaa, na nzi walifika kabla ya msaada. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima. Lililovunjika ni la keria, na lile lilikuwa ghali zaidi wiki ile.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache tu. Ukifunga keria mpya, ipe siku tatu, kisha kaza nati zote tena, kwa maana mtikisiko wa kwanza huzilegeza. Tia washa, na nati zile zenye mkanda wa plastiki ndani ndizo zisizofunguka ovyo. Baada ya hapo kila Ijumaa, kabla hujaoga kwenda msikitini, zipitie kwa vidole. Waya usiuruhusu kulala hata usiku mmoja.

Na pale dukani, jaribio ni moja. Keria ikishafungwa, ishike kwa mikono miwili uisukume kushoto na kulia kwa nguvu. Ikitikisika baiskeli nzima, lipa. Ikitikisika keria peke yake, irudishe, hata kama rangi yake ndiyo uliyoiota.

Nimemaliza, na najua utaondoka ukaangalie tena zile picha. Angalia. Ila kesho asubuhi, kabla ya duka, pitia hapa na baiskeli na spana namba 8, tuchuchumae wawili tuvitafute vitundu. Magoti yangu hayatanipa nafasi ya kuchuchumaa mara ya pili.