Aliyetengwa Apokelewe Lini?

Wairaqw wa Mbulu walikuwa na utaratibu waliouita metimani. Mtu akifiwa na mtoto, nyumba yake ilihesabiwa kuwa imeingiwa na unajisi. Majirani hawakula naye wala kuingia kwake mpaka muda uliowekwa upite. Unajisi mzito kuliko wote ulikuwa wa msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Huyo alifukuzwa akajifungulie mbali, na wengine wakaishia kuolewa na majirani zao Wadatoga. Tusiwaone wazee wale kuwa wakatili. Kwao, nchi ikinajisika mvua hukataa, na mvua ikikataa wanakufa watoto wa wote.

Metimani ina falsafa ndani yake: mtu atakasike kwanza, ndipo apokelewe. Injili iliyohubiriwa Mbulu na Hanang iligeuza mpangilio huo. Mungu wa Paulo hangoji mtu atengemae. Humpokea angali mchafu, na kubadilika kunafuata baadaye.

Jambo hili halikukubaliwa kirahisi hata ndani ya Kanisa. Pelagio, mwalimu wa Kanisa la kale, alidai kwamba Mungu hawezi kumwamuru mtu asiloliweza, kwa hiyo nguvu ya kutenda mema tunayo, tuitumie tu. Ni hoja nzito. Mzazi yeyote huitumia kwa mwanawe. Aliyeipinga alikuwa Mwafrika mwenzetu, Agostino, Askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Algeria. Kwake, ugonjwa umo katika nia yenyewe. Mpenda sifa akifunga, atajivunia mfungo wake. Akitoa sadaka, atatazama nani kamwona. Moyo unaotakiwa kubadilishwa ndio huohuo unaokabidhiwa kazi ya kujibadilisha! Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago waliyakataa mafundisho ya Pelagio. Baadaye Wakatoliki na Walutheri waligombana karne nyingi juu ya jambo hilihili, hadi walipotia saini tamko la pamoja mjini Augsburg mwaka 1999. Mbulu yenyewe ina jimbo Katoliki tangu 1953 na hospitali ya Kilutheri ya Haydom tangu 1955, na katika koo nyingi Mlutheri na Mkatoliki ni ndugu. Tamko hilo liliwahusu.

Je, jitihada basi ni bure? Hapana. Mtoto wa nyumbani na kibarua hulima shamba moja, ila mtoto hahesabu matuta ili adai ujira. Anayeogopa kufukuzwa hutenda wema huku jicho lake likimtazama hakimu. Aliyekwisha kupokelewa ndiye anayepata nafasi ya kumtazama jirani.

Sasa tuingie kanisani. Katika sharika nyingi, msichana akipata mimba nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu na "kurudi kundini". Kijana aliyempa mimba mara nyingi anaendelea kuimba kwaya, kwa kuwa tumbo lake halitoi ushahidi. Hii ni metimani iliyovikwa kanzu. Najua kanisa lisilo na nidhamu huoza, na Paulo mwenyewe aliwaagiza Wakorintho wamtenge mtu. Lakini nidhamu inayoona tumbo na isione rushwa, umbea wala kipigo cha mke, inalinda jina la usharika tu. Wazee wa zamani angalau walikuwa wanaihofia mvua.

Kibaya zaidi, kitubio hicho hugeuka kuwa malipo. Msichana anajifunza kwamba neema huhubiriwa mimbarani, ila mezani hufikiwa kwa aibu iliyolipwa hadharani. Pelagio, aliyeshindwa Karthago, ameshinda katika baraza la wazee.

Wazee wa sharika za Mbulu na Hanang, msichana huyo akija Jumapili hii, mkaribisheni mezani kwanza. Mazungumzo yafuate, na yule kijana wa kwaya aitwe pia.