Samaki wa Kioo na Haki ya Mahabusu

Mtu wa Pwani aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, akija kukaa Birmingham katika nyumba ya kupanga, ana sababu nyingi za kumpendelea samaki kuliko hayawani mwingine: mbwa humtia shaka ya najisi, paka aghalabu hukataliwa na mwenye nyumba, na kasuku humgombanisha na jirani wa ukuta mmoja, lakini samaki mmoja wa rangi, aliyewekwa katika tangi la kioo juu ya kabati la sebuleni, hana manyoya wala makelele, na huwaliwaza watoto siku za mvua ambazo ni nyingi katika mji huu. Hata hivyo, pamoja na samaki huyo huingia nyumbani swali la kale: je, ni halali kumfunga kiumbe asiye na kosa kwa ajili ya furaha ya macho yetu?

Maulamaa wanaoruhusu wana hujja madhubuti. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania ndugu mdogo wa Anas, Abu Umayr, kwa kumuuliza habari za kijindege alichokuwa akicheza nacho, wala hakumlaumu kwa kukifuga, na Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 335 wa Hijria, aliitungia hadithi hiyo fupi risala nzima, akatoa humo faida 60. Kwa upande wa pili ipo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Ukizisoma pamoja huoni mgongano: aliyemzibia kiumbe njia ya riziki yake ameichukua riziki hiyo shingoni mwake, na dhambi ni kuichukua kisha kuitupa.

Mpaka hapo mambo ni mepesi, kwa kuwa njaa ya paka inajulikana na kila mtu. Uzito huanza tunapomfikia kiumbe ambaye haja zake hazifanani na zetu. Beta, samaki wa maji ya kina kifupi ya Siam, ambaye Charles Tate Regan alimpa jina la kitaalamu Betta splendens mwaka 1910, hupanda juu kila mara kumeza hewa, maana mbali na matamvua ana kiungo kingine cha kuvutia pumzi. Na dume, akiwa katika raha yake, hutema mapovu moja moja na kuyakusanya chini ya jani yawe kiota cha mayai. Dume huyo huyo, akimwona dume mwenziwe, hutanda mapezi yote, hufunua vifuniko vya matamvua, kisha humwendea kwa meno. Basi mtoto husema, "Mama, maskini yuko peke yake, tumnunulie mwenziwe". Na mama, ambaye naye yuko mbali na ndugu zake na anaujua upweke wa ugenini, huona maneno hayo ni ya haki, akanunua dume wa pili. Kunapokucha, huruma imekwisha kuua.

Sheikh Izz al-Din bin Abd al-Salam, Mshafii aliyefariki mwaka 660 wa Hijria, alipozitaja haki za wanyama juu ya binadamu, alitia humo haki ya kutokusanywa na anayewadhuru, awe wa jinsi yao au wa jinsi nyingine, na haki ya kugharimiwa hata wakizeeka au wakiugua wasiwe na manufaa tena. Katika maneno hayo naona kanuni inayomhusu beta moja kwa moja, nayo ni kwamba haki hupimwa kwa maumbile ya mwenye haki. Mwenye huruma hujiuliza yeye angetaka nini lau angekuwa ndani ya kioo. Mwadilifu huuliza samaki ameumbwa vipi. Tuna mfano wa kwetu: samaki mdogo wa Unguja aitwaye Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa na Pfeffer mwaka 1893, huishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka, na mayai yake huvumilia kiangazi yakiwa yamezikwa katika tope. Wafugaji wa Ulaya huyahifadhi mayai hayo miezi kadhaa katika mboji yenye unyevu kidogo, kisha huyamwagia maji yakaanguliwa. Ukavu ambao mgeni angeudhani ni mauti ni sehemu ya uhai wake.

Hapa Birmingham ilimu hiyo ya maumbile ya beta ina mambo yaliyo wazi. Maji yanayotoka Elan Valley, Wales, yakiteremka kiasi cha kilomita 118 kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1904, ni laini na yanamwelekea beta. Lakini dawa ya klorini inayotiwa ili kumlinda binadamu huchoma matamvua, hata maji yaliyo rehema katika gilasi huwa sumu katika tangi mpaka klorini iondolewe. Uchafu wa samaki nao hutoa amonia, na bakteria wanaoipunguza makali huchukua wiki kadhaa kuenea katika chujio, kwa hiyo anayenunua tangi na samaki siku moja humkaribisha mgeni katika nyumba isiyokwisha kujengwa. Ama baridi, beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28, na sebule ya Januari iliyozimwa moto usiku kwa kuogopa bili haifiki hapo. Pasipo hita samaki hafi papo hapo, hupunguza mwendo, hukataa chakula, hulala chini ya tangi, na wenyeji husema, "Leo katulia."

Je, umeme wa hita ni hisani? Imamu Nawawi, katika Minhaj, aliyaweka malisho ya wanyama katika mlango uleule wa masurufu ya mke na jamaa, na mwenye mnyama anayekataa kumlisha hulazimishwa amlishe au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales na inayowakinga samaki pia, imefika karibu na hapo kwa njia yake: mfugaji hupaswa kumpa mnyama makao yanayomfaa, chakula, nafasi ya kufuata tabia yake, kinga ya maumivu na maradhi, na kumweka pamoja na wengine au mbali nao kama anavyohitaji, tena ni marufuku kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16.

Atasema mtu kuwa samaki haumwi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenziwe walichapisha majaribio ambamo samaki trauti, waliotiwa asidi au sumu ya nyuki midomoni, walikawia kula, na baadhi yao wakawa wakisugua midomo kwenye changarawe. Anayebaki na shaka baada ya hayo na achukue ihtiyati, kwani kukosea upande wa rehema gharama yake ni ndogo. Wala si haki kumwekea beta kioo cha kujitazamia ili wageni wacheke akipigana na kivuli chake. Imo katika Abu Dawud na Tirmidhi hadithi inayokataza kuwachochea wanyama wagombane, na samaki hajui kuwa adui yule hayupo.

Mwingine atasema afadhali aachiliwe huru. Uhuru gani, katika mifereji ya Birmingham wakati wa baridi? Aliyezalishwa kizimbani vizazi kwa vizazi hana pa kurudishwa, na swali la uhuru wake lilipaswa kuulizwa na mnunuzi kabla ya kutoa fedha.

Kwa hiyo naona kumfuga ni halali, kwa sharti kwamba maarifa yatangulie ununuzi: tangi liwe tayari, maji yawe salama, hita iwe inafanya kazi, na mfugaji awe na uwezo wa kuilipia mpaka samaki afe kwa ajali yake. Anayeona masharti haya ni mazito kwa kiumbe wa pauni chache na aelewe kuwa pauni zile zilikuwa bei ya samaki. Haki zake hazikuwamo dukani.