Siri ya kikundi, na cherehani ya mama

Kikundi chetu hapa Nyarugusu hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni. Ni watu tisa waliotoka jela, na wote gongo au bangi iliwahi kuwatawala. Wengine walifungwa kwa kupika hiyo gongo, wengine kwa kukamatwa nje ya kambi bila kibali wakitafuta kibarua. Mimi si daktari. Nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi na vijana. Natandika mkeka, naangalia nani hajafika, nakumbusha sheria yetu moja: yanayosemwa hapa yanabaki hapa.

Alhamisi moja mwenzetu mmoja akasema kwamba kabla ya kufungwa aliiba cherehani usiku, akaiuza, pesa yote akainywa. Halafu akaniangalia mimi. Cherehani ile ilikuwa ya mama yangu.

Sasa, ndugu msomaji, kama ingekuwa cherehani tu ningenyamaza. Shida ni kwamba mama alishamshuku kijana wa jirani. Miaka miwili hasalimiani na mama yake. Wakikutana bombani, mama anasogeza dumu lake mbali.

Wenzetu wa mashirika walitufundisha usiri siku mbili nzima, lakini habari ya jirani haikuwemo.

Vikundi vya walevi wanaosaidiana wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani mwaka 1935, mjini Akron, na watu hawataji majina yao kamili. Mjini inawezekana: unakaa na watu usiowajua, kisha unarudi mtaa wako. Kambini nani hamjui nani? Aliyetoka jela anajulikana kabla hajafika kwake. Kwa hiyo sisi hatuna kitu cha kujificha nacho isipokuwa ahadi tu. Nikiivunja, Alhamisi ijayo nitakaa na mkeka wangu. Na mwenzetu huyu ana miezi mitano hajagusa chupa, yaani miezi mitano, mtu ambaye zamani hakumaliza wiki.

Lakini nilijiuliza: mama jirani aliulizwa lini kama anakubali kuilipia siri yetu? Yeye hakukaa kwenye duara. Aibu ya mtu ni yake, ana haki ya kuificha. Jina la mtoto wa mwenzake si lake.

Basi nikamwambia mama: "Mama, si yule kijana. Najua. Usiniulize zaidi." Akauliza, "Ni nani basi?" Nikanyamaza. Siku ile nilikula ugali bila mtu kunisemesha.

Alhamisi nikawaeleza kikundi nilichosema na nisichosema. Mmoja akasimama, akasema nimefungua mlango, leo nusu, kesho wote. Akaondoka, hajarudi. Simlaumu. Nikisikia kwamba amerudia kunywa nitajua na mimi nina sehemu yangu, na hata hivyo nadhani ningesema vilevile.

Mwenzetu mwenyewe hakukasirika. Anasema atakuja kwa mama kwa miguu yake, ila anaomba muda kidogo. Wiki ya sita hii. Simsukumi, maana mtu aliyesukumwa kuungama anaweza kupitia kwenye gongo kwanza. Ila kila wiki anayoiomba inatoka kwa mama jirani.

Mama bado hajamsalimia. Dumu ameacha kulisogeza.